Mazimwi ya Korea na Mafundi Waliovuka Bahari

Mabibi na mabwana, itazameni kwa makini picha hii niliyoisimamisha. Huyu ni Yongary, zimwi la filamu ya Korea Kusini ya mwaka 1967, anatema moto katikati ya Seoul. Nyuma ya meno mnaiona ncha ya bomba? Ndipo unapotokea moto. Kamera ingewekwa ubavuni, meno yangelificha. Hapa imemkabili ana kwa ana.

Vazi hilo la mpira lilitoka kwa mafundi wa Kijapani, walewale waliotengeneza Gamera, kobe-zimwi wa sinema za Kijapani. Korea Kusini na Japani zilikuwa zimerudisha uhusiano wa kibalozi miaka 2 tu kabla, 1965, na sinema za Kijapani zilibaki marufuku katika majumba ya Korea hadi 1998. Filamu ilizuiwa mpakani. Fundi na vifaa vyake walipita. Mwaka huohuo Wakorea walitoa filamu nyingine ya zimwi, Wangmagwi, ya rangi nyeusi na nyeupe, kwa mikono yao wenyewe.

Kazi yenyewe ina hesabu kali. Ukijenga vijumba kwa kipimo cha 1 kwa 25, mtu wa mita 2 ndani ya vazi anaonekana ana mita 50. Mwendo nao lazima upunguzwe, maana jengo dogo huporomoka upesi mno na jicho hugundua. Muda wa kuanguka hufuata kipeuo cha pili cha kimo, na kipeuo cha pili cha 25 ni 5, kwa hiyo badala ya fremu, yaani picha mojamoja, 24 kwa sekunde unahitaji 120. Hapo kila fremu inapata muda mfupi, na filamu inadai mwanga mara 5. Taa zikiongezwa, aliyevaa mpira anaokwa akiwa hai! Ukishusha fremu ili kumwokoa, ghorofa linaanguka kama boksi tupu. Maji ndiyo magumu zaidi, kwa sababu tone halikubali kupunguzwa: tone la milimita 5 linaonekana kama la sentimita 12 na nusu. Yongary anapofia Mto Han, tazameni matone, msimtazame yeye.

Safari ya pili ya mafundi inauma. Mwongozaji Shin Sang-ok alitekwa mwaka 1978 na kupelekwa Korea Kaskazini. Mwaka 1985 alitengeneza Pulgasari, zimwi lifinyangwalo kwa wali na kukua kwa kula chuma, hadithi ya kale ambayo Seoul ilikwisha kuitengenezea filamu mwaka 1962. Filamu hiyo ya kwanza imepotea. Teruyoshi Nakano, fundi wa madoido ya sinema, alikuja na kikosi chake kutoka Toho, studio ya Japani, na aliyeingia ndani ya vazi ni Kenpachiro Satsuma, aliyekuwa ndani ya vazi la Godzilla, zimwi maarufu la Toho, katika filamu ya mwaka uliotangulia. Shin na mkewe walitoroka wakiwa Vienna mwaka 1986. Pulgasari ilifika majumba ya Japani 1998, na Seoul 2000.

Yongary naye alilipa nauli yake. Nakala kamili ya Kikorea haipo tena. Tuliyonayo ni ile iliyotiwa sauti kwa ajili ya televisheni ya Marekani mwaka 1969. Ndiyo maana, nikiiachia picha hii iendelee, mtawasikia watu wa Seoul wakikimbia huku wakipiga mayowe kwa Kiingereza.