Mtazame Mdomo: Shakwe wa Tanga

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Leo nawaletea habari za ndege mnayemwona kila siku: shakwe.

Asubuhi pale diko la Deep Sea, ngalawa zikiingia na matumbo ya samaki yakitupwa, hushuka kundi zima. Mtu akiona wa kahawia husema, "Huyo kinda, bado hajawa mweupe." Sivyo. Mara nyingi huyo ni mkubwa kabisa, wala hatakuwa mweupe maisha yake yote. Wataalamu humwita Ichthyaetus hemprichii.

Rangi ya manyoya hupotosha, basi anzeni na mdomo. Wake ni mrefu na mnene, manjano inayoelekea kijani. Karibu na ncha kuna pete nyeusi, na ncha yenyewe nyekundu, utadhani ameichovya kwenye damu ya samaki. Kichwa na koo ni kahawia iliyokoza, na nyuma ya shingo ana ukanda mweupe kama kola. Kinda wake mdomo ni wa kijivu, ncha nyeusi.

Kaskazi ikivuma huja shakwe mgeni, mkubwa kumshinda, aliyezaliwa kaskazini mwa Urusi: kichwa cheupe, mgongo wa kijivu kizito, mdomo wa manjano wenye doa jekundu upande wa chini. Doa hilo lina kazi. Kinda hulidonoa, mzazi akatapika chakula. Makinda ya mgeni huyu ndiyo yenye madoadoa ya kahawia, na hapo ndipo wengi tunapochanganya.

Membe, ndege mwingine wa bahari afananaye na shakwe, tumwache, mkia wake wa panda unamtambulisha.

Mzee mmoja aliniuliza, shakwe anakunywa maji wapi? Baharini humo humo, mzee wangu. Juu ya macho ana tezi zinazochuja chumvi kwenye damu. Mkae naye karibu, mtaona tone likitoka puani, likiteremka hadi ncha ya mdomo, kisha anatikisa kichwa. Mimi kila nikiliona natulia kimya.

Huyu wetu wa kahawia huzaa wakati wa kusi, kwenye visiwa vya Kiunga huko Kenya na kuendelea kaskazini. Hutaga chini, mayai matatu yakizidi sana, na yai la chini huokotwa na yeyote apitaye. Kwa hiyo naumia nikiona watoto wakimrushia mawe hapa.

Kesho alfajiri nitakuwa diko na darubini mbili. Njooni na watoto.