"Hali ngumu kidogo": Waingereza wanavyosimulia vita vyao

Karibuni sana, wa nyuma sogeeni maana spika za huko hazisikiki vizuri. Leo naomba nianzie mbali, kwenye Vita vya Korea, mto Imjin, Aprili 1951, Waingereza na Wamarekani wako upande mmoja, Wachina upande wa pili.

Kuna batalioni ya Waingereza inaitwa Glosters, watu kama 700 hivi, wamepangwa vilimani kuziba njia ya kwenda Seoul. Usiku wa tarehe 22 Wachina wakaanza kuvuka mto, wengi mno, na mpaka kufika tarehe 24 Glosters wamezingirwa wamebanwa juu ya kilima namba 235, maji hakuna, risasi za kuhesabu, betri za redio zinaishia. Sasa jenerali wa Kimarekani akauliza huko vipi, na inasimuliwa kwamba Brigedia Brodie, mkubwa wa Waingereza pale, alimjibu hali ni ngumu kidogo. Kidogo! Muingereza mwenzake angelisikia hilo neno angejua watu wanakwisha, ila Mmarekani akachukua kama lilivyo, akaona basi wanamudu, na ruhusa ya kutoka ilipokuja pa kutokea hapakuwepo tena. Wachache sana walipenya, zaidi ya 500 wakachukuliwa mateka.

Kitu kinachonigusa mimi pale ni ile alfajiri ya mwisho. Wachina walikuwa wanapuliza matarumbeta yao gizani, ndo amri zao za kushambulia, na ile sauti ilikuwa inawamaliza watu moyo. Mkuu wa wapiga ngoma wa Glosters akaambiwa naye apulize. Akasimama wima nje ya handaki, risasi zipo, akapuliza kila mlio wa jeshi aliokuwa anaujua, wa kuamka, wa chakula, yote, isipokuwa ule wa kurudi nyuma.

Kamanda wao, Kanali Carne, alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, na alipokuwa mateka alichonga msalaba mdogo wa jiwe kwa msumari, upo mpaka leo kanisa kuu la Gloucester. Mtu wa maneno machache sana. Na maveterani wengi wa Kiingereza ndo walivyo, ukiwauliza wanakwambia tulifanya kazi yetu, halafu wanaanza kukutajia wenzao waliobaki kule. Mimi nawaheshimu kwa hilo kutoka moyoni.

Ila nchi ikichukua ule ukimya wa wazee ikaugeuza kuwa hadithi yake, hapo ndo nagoma, kwa sababu lile "kidogo" linaanza kufunika makosa ya wakubwa na kufunika watu. Pale Imjin kulikuwa na batalioni nzima ya Wabelgiji, walipigana kweli, nani anawataja?

Na tusiende mbali, Tanga hapo, Novemba 1914. Jenerali Aitken wa Waingereza kashusha wanajeshi kama 8,000, wengi wao Wahindi, mbele yake kuna kama 1,000 tu wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na hao nao wengi ni askari Waafrika, na akapigwa akarudi melini. Sasa Waingereza wakavipa jina gani hivyo vita? Vita vya nyuki. Ni kweli nyuki walitoka mizingani wakauma watu, lakini waliuma pande zote mbili jamani! Aliyeshinda pale ni askari, siyo nyuki.

Halafu kuna wapagazi, ile Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo cha jeshi la Waingereza, iliyotuachia jina la Kariakoo, waliobeba masanduku ya risasi na unga kichwani mpaka wakafa njiani kwa kuhara na njaa. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wa Afrika na Mashariki ya Kati, walikufa kwenye Vita Kuu ya Kwanza na hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Kuna daftari pale mlangoni. Kama kwenu kuna babu wa babu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita, hata kama mnalijua jina moja tu, naomba mliandike kabla hamjatoka.