Mtandao wa Vihisi Usiku Ambao Mto Unapanda

Mabibi na mabwana, swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu vihisi vya mafuriko ni umbali: vinafika wapi? Redio ya LoRa, yaani aina ya redio ya kutuma ujumbe mfupi mbali kwa umeme kidogo, ikituma kwa miliwati 25 tu husikika kilomita kadhaa mjini, na kumi au zaidi pale antena zinapoonana bila kizuizi. Hilo limeshatatuliwa. Ninalotaka tulifikirie leo ni usiku wenyewe wa mafuriko.

Kihisi kimefungwa chini ya daraja. Kinatoa mlio ambao sikio halisikii, kinapima mwangwi umechukua muda gani kurudi kutoka kwenye maji, kisha kinalala. Kulala huko ndiko kunakoifanya betri idumu miaka. Lakini umbali una gharama: ukitaka ujumbe ufike mbali kabisa, kasi inashuka hadi biti 300 hivi kwa sekunde, na ujumbe wa baiti chache unakaa hewani zaidi ya sekunde nzima. Ulaya, katika sehemu kubwa ya masafa ya megahezi 868, kifaa kinaruhusiwa kutuma asilimia 1 ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa.

Sasa mvua inanyesha bonde zima. Vihisi vyote vinaona maji yakipanda, vyote vinatuma, na hakuna kinachosubiri zamu. Ujumbe unagongana hewani na kupotea saa ileile tunapouhitaji. Wapo wanaoona dawa ni kutuma mara nyingi zaidi. Mimi naona ndiyo njia ya kuzidisha migongano. Afadhali kihisi kipime kila dakika, kitume kina cha maji pale kinapobadilika vya kutosha, kichelewe sekunde chache za kubahatisha, na kila ujumbe ubebe vipimo vilivyotangulia, ili mmoja ukipotea unaofuata uzibe pengo.

Tena kuna kimya. Kihisi kisichotuma kitu huenda kinatazama mto uliotulia, huenda kimeshasombwa. Lazima kitume ishara ya uzima kwa ratiba, na ishara ikikosekana, mhusika apigiwe simu mara moja, iwe mchana au usiku.

Na lango linalopokea ujumbe wote? Mara nyingi umeme na intaneti hukatika kabla maji hayajafika kwa watu. Kwa hiyo liwe na betri yake, lifungwe juu ya kiwango cha mafuriko, na liwe na programu ya kuamua papo hapo kuwasha king'ora, hata kama seva haipatikani.