Anapokiuka Masharti ya Uangalizi: Yanayomsubiri Mahakamani

Waheshimiwa mahakimu, maafisa probesheni mnaowasimamia walio chini ya uangalizi, watendaji wa kata mliotoka Chamwino, Bahi na Kongwa, na vijana wetu mnaosoma sheria hapa Dodoma, nimeombwa nizungumzie yanayomkuta mtu aliyewekwa chini ya uangalizi badala ya kupelekwa gerezani, kisha akavunja masharti.

Tumchukue kijana wa Chamwino aliyeharibu mali ya jirani, mahakama ikamweka chini ya uangalizi kwa mujibu wa Sura ya 247, yaani sheria yetu ya uangalizi wa wakosaji. Msimu wa mahindi unafika, anakwenda Kibaigwa kupakia magunia, hamwarifu afisa probesheni, na siku ya kuripoti inapita. Hajaiba wala hajampiga mtu. Hata hivyo amekiuka amri. Mahakama yaweza kumwita au kutoa hati ya kumkamata, na ukiukaji ukithibitika, hakimu anaweza kumtoza faini na kuiacha amri iendelee, au kumwadhibu kwa lile kosa la awali la kuharibu mali, ambalo yeye na jamaa zake walikwisha kulihesabu kuwa limepita. Akitenda kosa jipya, atajibu yote mawili.

Wenzetu wa Marekani, ambako utaratibu huu ulianzia Boston mwaka 1841 kwa fundi viatu John Augustus kumdhamini mlevi mmoja, wana mashauri mengi zaidi ya kujifunzia. Kwa sheria ya shirikisho, yaani ya nchi nzima na si ya jimbo moja, uangalizi wa kosa kubwa huwa wa mwaka 1 hadi 5, na wa kosa dogo hauzidi miaka 5. Mtuhumiwa wa ukiukaji hasikilizwi na baraza la wazee wa mahakama wala lolote linalofanana nalo, na ushahidi hauhitaji kuondoa shaka yote ya msingi. Kwa hiyo mtu anaweza kuachiwa huru katika kesi mpya na bado akafutiwa uangalizi, yaani akapoteza nafasi ya kubaki nje ya gereza, kwa tukio lilelile. Jambo hili huwashangaza wengi, na kwa maoni yangu wana haki ya kushangaa. Akipatikana na dawa za kulevya au silaha asiyoruhusiwa, jaji wa shirikisho hana hiari: lazima aufute na kumfunga.

Kinga hata hivyo zipo. Katika shauri la Gagnon dhidi ya Scarpelli, 1973, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mhusika lazima asikilizwe kabla ya uangalizi kufutwa, na katika Bearden dhidi ya Georgia, 1983, kwamba asifungwe kwa kushindwa kulipa faini bila mahakama kuchunguza kwanza kama alikataa kulipa au hakuwa na uwezo.

Uchunguzi wa namna hiyo ningependa kuuona pia katika taarifa zinazofika kwa mahakimu wetu. Afisa aandike tarehe ambazo kijana hakuripoti, sababu aliyoitoa, nani aliulizwa kijijini na kama simu ilipigwa, kwa sababu taarifa inayosema tu kwamba ametoroka haimpi hakimu msingi wowote wa kuchagua kati ya faini na gereza.