"Ukihitaji Chochote, Niambie"

Leo nasema juu ya namna ya kumfariji mtu. Nivumilieni.

Kuna maneno siyapendi hata kidogo: "Ukihitaji chochote, niambie." Tunayasema msibani, tunayasema kando ya kitanda cha mgonjwa, halafu tunarudi nyumbani roho nyeupe. Aliyefiwa hajalala siku tatu, nawe umemwongezea kazi: afikirie anahitaji nini, akisie kama unacho, ameze aibu, ndipo apige simu. Nani hapa amewahi kuipiga simu hiyo? Nyosheni mikono. Naona mmoja, na huyo nadhani anajikuna.

Ndiyo maana nawaletea habari za Jerome Motto. Alikuwa daktari wa magonjwa ya akili kule San Francisco. Kuanzia mwaka 1969, yeye na wenzake waliwafuata watu waliokuwa wamelazwa kwa sonona au kwa kutaka kujiua, ambao baada ya kutoka hospitali hawakutaka tena matibabu. Walikuwa 843. Wakagawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likaachwa hivyo hivyo, la pili likaandikiwa barua. Barua gani? Mistari miwili mitatu! Ni muda sasa tangu ulipokuwa kwetu, tunatumaini u mzima, ukipenda kutuandikia tutafurahi. Basi. Hakuna "umekunywa dawa?", hakuna "njoo tarehe fulani". Mwanzoni kila mwezi, kisha kila miezi miwili, kisha mitatu, mpaka zikatimia barua 24 kwa miaka mitano. Waliopata barua walijiua wachache kuliko wenzao, na tofauti ilikuwa wazi zaidi miaka miwili ya mwanzo, pale pale penye hatari kubwa.

Najua kuna mtu ananung'unika huko nyuma: wema wa kupangiwa tarehe ni unafiki, wema hutoka moyoni. Haya. Moyo wako umemkumbuka nani tangu asubuhi? Mimi wangu umekumbuka chai. Wale madaktari wangetegemea moyo, wangeishia barua ya pili. Ratiba ndiyo iliyowafikisha ya 24.

Mimi nina daftari, hili hapa, kona zimeshajikunja. Nikitoka mazishini naandika jina, na mbele yake tarehe ya miezi mitatu ijayo, wakati viti vimesharudishwa na simu zimenyamaza. Wiki iliyopita zamu ilikuwa ya jirani yangu. Nikamwandikia: "Leo nimemkumbuka baba yako, alivyokuwa akianza kucheka kabla hajamaliza kisa chake. Usijisumbue kujibu." Hayo ya mwisho msiyasahau, maana salamu inayodai jibu ni deni.

Naambiwa muda umekwisha. Haraka basi: watafiti wawili wa saikolojia, Amit Kumar na Nicholas Epley, mwaka 2018, walionyesha kwamba anayeandika barua ya shukrani huhofia mno kumtia mwenzake haya, na hukadiria furaha ya mpokeaji chini ya ilivyo. Kwa hiyo ile hofu ya "ataniona wa ajabu" tupeni.

Toeni simu. Mtu mmoja, mistari miwili, pasiwe na swali ndani yake. Nangoja.

Wewe wa mbele, nimesema uandike. Picha yangu ya nini?