Kuutambua Ubaguzi wa Umri Kazini: Mhadhara Uliotolewa Mtwara

Wazee wangu, ndugu zangu na vijana mliofika kutoka Mikindani hadi Masasi, nitaanza na sheria, kwa sababu wengi wetu hatujui kwamba inatulinda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya umri wake, na ulinzi huo unamfikia hata yule ambaye bado anaomba kazi.

Ugumu uko katika kuutambua, kwa kuwa huku kwetu, ambako mkubwa huamkiwa shikamoo kabla ya neno lolote, ubaguzi huu huja na lugha ya heshima. Fundi mitambo mwenye miaka 52, akiomba kazi katika kiwanda cha kubangua korosho, huambiwa, “Mzee wetu, kazi hizi tuwaachie vijana, wewe pumzika.” Hakuulizwa kama anaijua mashine, wala hakupewa nafasi ya kuiwasha. Maneno ni ya upole, lakini mtu amenyimwa riziki, nami siwezi kuiita hiyo heshima. Mwingine yumo kazini tayari: kila mafunzo ya kompyuta yanapotokea hupelekwa wadogo wake, kisha siku ya kupunguza wafanyakazi ikifika huandikiwa kwamba hajui kompyuta. Barua hiyo msiisome peke yake. Tazameni nani alinyimwa mafunzo, na tangu lini.

Vijana nao huumia, hasa wanapolipwa pungufu kwa kazi ileile kwa kuwa eti bado wadogo.

Si kila kikomo cha umri ni ubaguzi. Sheria inaruhusu sharti linalotokana na kazi yenyewe, na inakataza kabisa kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Basi mkikutana na tangazo la mtunza stoo lisemalo “umri usizidi miaka 35”, ulizeni kazi hiyo inahitaji nini ambacho mtu wa miaka 40 hana. Mwajiri asipokuwa na jibu linalohusu kazi, mna haki ya kushuku.

Shauri likifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mlalamikaji akishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Kwa hiyo tunzeni tangazo, barua na majina ya waliosikia, wala msichelewe, kwani mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60.