Sanamu ya Ayala na Hesabu ya Upepo

Assalaam alaykum, na habari za jioni. Wazee wetu, shikamooni. Tunashukuru kuona vijana wanaojiandaa kuongoza wageni wa uwindaji, na tumefurahi zaidi kuona wachongaji wa hapa Bagamoyo, maana sehemu ya maneno haya inawahusu wao.

Ayala wengi wetu tunamjua kutoka Zaburi kuliko porini, kwa sababu kwetu hayupo. Si kulungu, wala si swala. Pembe za swala pala ni za maisha; ikivunjika, imevunjika. Ayala dume huangusha pembe zake kila mwaka, kisha zikaota nyingine zenye matawi. Leo tunamzungumzia ayala mwenye mkia mweupe, wa Marekani, anayewindwa kwa upinde, na sanamu inayosimamishwa ili amwone mwenzake wa bandia na kumsogelea.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba sanamu kazi yake ni kumwita mnyama. Kuita kuna vyombo vyake: kipenga cha kukoroma kama dume, au pembe mbili zinazogonganishwa. Sanamu kazi yake ni kumgeuza. Mwenye upinde anamtaka ayala ndani ya mita 20 au 25, ampe ubavu, na macho yake yawe yanatazama kitu kingine. Akija kifua mbele, mifupa ya kifua na bega inaukinga moyo na mapafu. Akikupa mgongo, hapo hakuna pa kulenga kabisa. Sanamu iliyowekwa vizuri inamwambia mnyama asimame wapi na aelekee wapi. Iliyowekwa vibaya inamfukuza, na afadhali uende mikono mitupu.

Tuanze na wakati. Sanamu haifanyi kazi mwaka mzima. Katika majimbo ya kaskazini kama Wisconsin, mchana wa Juni unapita saa 15 na wa Desemba ni kama saa 9. Mwili wa ayala unausoma ufupi huo wa mchana, na madume yanachachamaa kwa pamoja yakitafuta majike: mwisho wa Oktoba mpaka katikati ya Novemba. Wiki hizo dume mzima akimwona dume mgeni kwenye eneo lake humfuata kumtimua. Nje ya hapo humtazama tu, akaenda zake. Hapa Bagamoyo, nyuzi 6 kusini ya ikweta, mchana mrefu na mfupi hautofautiani hata saa moja, na ndiyo maana wengi wa wanyama wetu hawachachamai wote wiki mbili tatu namna ile. Mgeni akikwambia "Novemba" kwa heshima kubwa, ujue anazungumzia nini.

Sasa kuchagua. Zipo za plastiki ngumu, tupu ndani. Miguu, kichwa na pembe hutolewa vikapakiwa tumboni. Zinasimama imara na zinaonekana za kweli kila upande, ila zina kelele: ukizifunga gizani zinagongana kama masufuria. Zipo za sponji ngumu, kama zile shabaha za kufanyia mazoezi ya upinde. Zina umbo zuri lakini ni nzito na hunywa harufu. Zipo za kitambaa kilichochapwa picha, zenye fremu ya waya inayokunjwa, nyepesi mno. Hizi zina kasoro moja kubwa. Zina upande wa kushoto na wa kulia tu. Dume akizunguka, sanamu inageuka mstari, inatoweka mbele ya macho yake, naye anashtuka. Kama huna budi kuitumia, iweke mahali ambapo kichaka au ua unamzuia asizunguke kikamilifu. Kwa anayewinda ukingo wa shamba na gari haliko mbali, sisi tunachagua ya plastiki bila kusita.

Dume au jike? Chagua dume, tena dume mdogo. Urefu wa karibu sentimita 90 begani unatosha, na pembe ziwe ndogo. Dume mwenye pembe kubwa anawatisha wengi na kumwalika mmoja tu, ambaye huenda hayupo siku hiyo. Wazoefu hutoa pembe moja kabisa: anaonekana kama aliyeshindwa vita, na mwindaji naye hawezi kumchanganya na wa kweli kwenye mwanga hafifu. Sanamu ya jike ina tabu nyingine. Majike wa kweli huisogelea, wakaona haipumui, wakapiga kwato chini na kupuliza pua, na hapo bonde lote linajua.

Tuje kwenye upepo, na hapa mtu wa pwani hahitaji kufundishwa sana. Mnajua goshini na demani: goshini ni upepo unakotoka, demani ni unakoelekea. Ayala dume hamwamini mwenzake kwa macho peke yake. Atazunguka aende demani ya sanamu ili ainuse kwanza. Kwa hiyo dungu lako la juu ya mti liwe demani, na sanamu iwe goshini yako, hatua kama 20, yaani mita 18 hivi. Dume akizunguka demani ya sanamu kwa mita 6 au 8, anapita katikati yenu, wewe ukiwa bado demani yake. Harufu yako inakwenda nyuma yako, haimfikii.

Badili vipimo uone kinachoharibika. Ukiiweka mita 8, duara lake linapita nyuma ya mti wako na pua inakukamata. Ukiiweka mita 35, anasimama upande wa pili na mshale haufiki salama. Upepo ukigeuka, usibaki na matumaini: shuka, uhamishe, au urudi nyumbani.

Halafu uelekeo. Dume humkabili dume mwenzake uso kwa uso, lakini jike humfuata kutoka nyuma. Basi sanamu ya dume itazame upande wako, ila isikutazame moja kwa moja, maana atakayeikabili atakupa matako. Iweke mshazari, nyuzi 45. Naye akija kuikabili atasimama mshazari akitazama mbali nawe, na mshale utaingia kwenye mbavu za nyuma kuelekea bega la upande wa pili. Ya jike igeuze: uso utazame mbali, mshazari vilevile.

Iweke peupe, ionekane tangu mita 100. Ndani ya kichaka, ayala akikutana nayo ghafla hukimbia kama sisi tungekimbia. Ikaze kwa vigingi. Sanamu inayoanguka kwa upepo imemaliza uwindaji wa siku hiyo. Mkia uning'inie chini. Mkia mweupe uliosimama ni bendera ya hatari kwa ayala wote, na tumeona watu wakibandika kitambaa cheupe kikubwa juu wakidhani wanavutia. Kipande chembamba cha karatasi laini kinachotikiswa na upepo kinatosha. Mkia wa betri nao upo, lakini yapo majimbo yanayokataza sanamu za umeme, kwa hiyo kanuni za jimbo zisomwe kwanza.

Harufu ndiyo inayoangusha wengi. Ayala atakuja mpaka hatua tatu na kuinusa. Osha sanamu kwa sabuni isiyo na manukato, ikauke nje, uishike kwa glovu za mpira tu, utembee na gambuti. Usiihifadhi banda moja na petroli, rangi, au, kwa watu wa pwani, nyavu zenye shombo. Mkojo wa jike unaouzwa kwa chupa ili kuvutia madume tunashauri uachwe. Kuna ugonjwa wa kudhoofisha ayala, uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967, unaoletwa na protini zilizojikunja vibaya ziitwazo prioni. Hauna tiba, hukaa udongoni miaka, na hutoka na mkojo pia. Majimbo kadhaa yamepiga marufuku mkojo wa asili kwa sababu hiyo.

Tafadhali lisikilizeni hili kuliko yote. Umetengeneza kitu kinachofanana na windo, ukakibeba begani mahali penye watu wenye silaha. Kibebe kimefunguliwa vipande, ndani ya mfuko wa rangi ya chungwa. Ayala haoni tofauti ya chungwa na majani kama sisi. Binadamu anaiona vizuri. Msimu wa bunduki, sanamu ibaki nyumbani. Mtu mwingine akitokea, usipunge mkono wala usipulize kipenga: sema kwa sauti, kwa maneno. Na dunguni, mkanda wa usalama ufungwe tangu mguu unapoacha ardhi. Kuanguka kutoka mtini kunajeruhi wawindaji wengi kule.

Maswali. Kijana anauliza kama anaweza kuijaribu upande wa Saadani. Hapana, mwanangu. Saadani ni hifadhi ya taifa, haiwindwi kwa chombo chochote, na kwingineko uwindaji unaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa leseni. Na mjue kuwa askari wa wanyamapori wa Marekani nao husimamisha sanamu zenye mota kando ya barabara, kichwa kikigeuka na mkia ukicheza, kuwanasa majangili wanaopiga risasi usiku kwa taa.

Fundi anauliza kama mninga utafaa. Ni mti mzuri, lakini kiwiliwili kizima cha mninga hakibebeki alfajiri. Chonga kichwa na masikio kwa msufi, ambao ni mwepesi. Kiwiliwili kiwe sponji. Nyeupe iwekwe kooni, kuzunguka jicho, nyuma ya pua, tumboni na chini ya mkia. Vanishi usiguse: ikilowa umande inameta kama kioo. Tumia rangi isiyong'aa, matabaka mawili, na uiache juani na upepo wiki kadhaa mpaka wewe mwenyewe, pua ikiwa juu yake, husikii tena harufu ya rangi. Kisha mpe mwenzio ainuse, kwa sababu pua yako imeshaizoea.